Ndoo ya Chumba cha Nne

Miezi saba kitanda changu cha kufumia
kimekaa jikoni, mtande umevutwa,
mshindio hakuna.
Nikikipita kwenda kuchemsha chai
nageuza uso, kama mtu anayedaiwa.

Mji wetu unaitwa Mashua.
Łódź: ndiyo maana yake,
na bahari iko mbali, na mito tuliyokuwa nayo
ilifukiwa chini ya viwanda vya nguo,
inapita gizani, haina hata daraja la kujivunia.
Mama alifanya kazi humo miaka thelathini na mmoja.
Alirudi na pamba kwenye nyusi,
masikio yamekwisha kwa kelele za mashine,
akijibu maswali ambayo hatukumuuliza.
Uzi ukikatika, alisema, niliujua kwa kiganja.

Kiwanda chake sasa ni jumba la sanaa.
Jumatano hawatozi kiingilio.
Basi nikaenda Jumatano, Novemba,
buti zina matope, nikitafuta
chochote cha kuiba kwa macho.

Chumba cha kwanza, turubai jeupe, jeupe, jeupe.
Nikasimama. Nalo likasimama.
Hatukuwa na la kuambiana.
Cha pili, video ya mwanamume anayemenya yai
kwa saa tatu. Nilimwacha hajafika kwenye kiini.
Cha tatu, vyuma vya kutu,
na maelezo marefu kuliko vyuma.

Cha nne kilikuwa na ndoo.
Ya bati, ya buluu, mpini umefungwa kitambaa,
katikati ya sakafu yenye madoa ya mafuta ya zamani,
mafuta ambayo huenda Mama aliyakanyaga.
Kutoka juu, tone.
Kisha mawili, yakifuatana kama pacha.
Kisha kimya, kirefu, mpaka udhani basi,
yamekwisha,

tone.

Nikainama. Cha mvunguni hakimjii aliyesimama wima.
Kila tone lilipiga duara,
duara likagusa duara,
na pale yalipokutana pakazuka kitu,
nusu mstari, nusu mtetemo,
ambacho sijawahi kukiona kwenye kitambaa.
Vidole vikaanza kuhesabu juu ya koti:
moja; moja-mbili; acha, acha, acha; moja.

Mlinzi akaja. Zdzisław, kibao kifuani kilisema,
mzee aliyekaa humo mpaka akafanana na kiti chake.
"Bibi, hiyo si sanaa. Paa linavuja."
"Najua," nikasema. Sikujua.
Akanitazama, akaitazama ndoo,
akavuta kiti karibu.
"Usiku huwa kasi," akasema.
"Baridi ikizidi, hujivuta."
Tukasikiliza. Vijana wawili wakapita,
wakatuona, wakaipiga ndoo picha.

Nje, nyaya za tramu zilikuwa zimevutwa
juu ya barabara nzima, zikingoja.
Suruali ya mtu imeganda kwenye kamba,
upepo unaipitisha kushoto, kulia, kushoto.
Nilicheka peke yangu kituoni.
Mwanamke mwenye kapu la viazi akasogea kando.

Sikuvua koti. Nilifuma kwa taa ya jiko,
uzi wa kijivu, uzi wa buluu ya ndoo,
na pale kwenye kimya niliacha nafasi tupu,
mtande mtupu, ukutani panaonekana kupitia humo.
Nilifumua mara nne. Mara ya tano
nilikosea vizuri, nikaacha.

Jumatano iliyofuata ndoo haikuwapo.
"Wamelitengeneza," Zdzisław akasema
kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba.
Nikatoa mfukoni kile kipande,
hakikuzidi kiganja.
Akakilaza kwenye goti, hakukitazama.
Akapitisha kidole, taratibu, akigonga:
moja; moja-mbili; acha, moja.

"Hapana," nikamwambia. "Hapo subiri zaidi."